Chura Ndani ya Kioo: Historia ya Kufuga Vyura wa Majini Nyumbani

Chura hunywa kwa ngozi. Hainamii maji akayameza kama ng'ombe au njiwa. Maji hupenya ngozi yake nyembamba, sehemu ya oksijeni anayoihitaji hupita humo humo, na chochote kilichoyeyuka katika maji hayo, kiwe chumvi, dawa au sumu, humwingia mwilini. Kwa hiyo historia ya kumfuga chura nyumbani, hasa wa aina zinazoishi nusu majini na nusu nchi kavu, au majini kabisa, ni historia ya watu kujifunza maji. Somo hilo lilichukua vizazi vingi, na vyura wengi mno walikufa kabla halijaeleweka.

Mojawapo ya desturi za zamani zinazojulikana vizuri ni ya nchi zinazosema Kijerumani. Huko chura mdogo wa mitini, Hyla arborea, mwenye rangi ya jani bichi na ncha za vidole zinazonata, aliwekwa katika chupa pana ya kioo yenye maji kidogo chini na ngazi ndogo ya mti. Watu waliamini kwamba akipanda ngazi jua litawaka, akishuka majini mvua inakuja. Imani hiyo ilikuwa na chanzo chake porini: siku za joto wadudu huruka juu zaidi, na chura huwafuata hadi kwenye vichaka na matete. Ndani ya chupa hapakuwa na wadudu wa kufuata, na ngazi haikuweza kutabiri lolote. Chura huyo alilishwa nzi pale mtu alipokumbuka, akakaa katika maji yaleyale yaliyochanganyika na kinyesi chake, na maisha yake yakawa mafupi. Leo Hyla arborea analindwa na sheria katika nchi nyingi za Ulaya na hashikwi tena kwa ajili ya chupa.

Tangi la kioo lilipata nafasi yake sebuleni Uingereza, katika karne ya 19. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifunga bundo la nondo ndani ya chupa ili amwangalie akitoka, akaona jimbi na nyasi vikichipua humo badala yake. Alitambua kwamba unyevu ukifungiwa kiooni mmea huishi hata katika mji uliofunikwa na moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza namna samaki, mimea na konokono wanavyoweza kukaa pamoja katika chombo kimoja: mimea hutoa oksijeni, konokono hula majani yaliyooza, maji hubaki safi kwa muda mrefu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua kwa umma jumba la matangi ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha The Aquarium, kitabu kilichowafanya maelfu ya Waingereza watake tangi nyumbani. Ujerumani ilifuata haraka. Mwaka 1857 Emil Adolf Rossmässler alitoa kitabu chake juu ya tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.

Mtu aliyeunganisha kasha la mimea la Ward na tangi la Warington alipata chombo ambacho chura wa nusu maji alikuwa akikihitaji tangu mwanzo: upande mmoja maji, upande mwingine udongo, mawe na mimea, na juu kifuniko cha kuzuia unyevu usipotee. Muundo huo haujabadilika sana mpaka leo. Kilichokosekana kilikuwa maarifa ya kumfanya mnyama azae humo. Hilo lilionyeshwa Paris na mgeni asiye chura, ila ndugu wa karibu: salamanda wa Mexico aitwaye axolotl. Wanyama 34 wa aina hiyo waliwasili mwaka 1864, wachache wakapewa Auguste Duméril wa jumba la makumbusho ya viumbe, na mwaka uliofuata wakataga mayai. Watoto wao waligawiwa kwa wataalamu na wafugaji wa Ulaya nzima. Tangu hapo ilijulikana kwamba mnyama wa maji na nchi kavu anaweza kuendeleza kizazi baada ya kizazi bila kuliona ziwa lake.

Chura aliyebadilisha kila kitu alitoka Afrika. Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, alipewa jina la kisayansi na François Marie Daudin mwaka 1802. Wakazi wa Rasi ya Tumaini Jema walimjua vizuri. Kwa Kiafrikana huitwa platanna, na wavuvi wa huko walimtumia kama chambo. Ni chura bapa, mtelezi kupita kiasi, mwenye macho madogo yanayotazama juu. Vidole vitatu vya ndani vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Hana ulimi: hushika chakula kwa mikono na kukisukuma kinywani, na kipande kikubwa hukirarua kwa kucha za miguu. Ubavuni ana mistari mifupi iliyopangika kama mishono ya sindano. Hivyo ni viungo vya kuhisi mtikisiko wa maji, na kwavyo huwinda hata katika tope lisilopenywa na mwanga. Dimbwi likikauka hujizika matopeni na kungoja mvua miezi kadhaa bila chakula. Jike hupita sentimita 10, dume ni mdogo zaidi.

Mwaka 1927 mwanabiolojia Mwingereza Lancelot Hogben alifika Cape Town kuwa profesa wa elimu ya wanyama. Alivutiwa na jambo dogo ambalo mfugaji yeyote wa Xenopus huliona: chura akikaa juu ya sakafu nyeusi anakuwa mweusi, akikaa juu ya sakafu nyeupe anapauka. Hogben alitaka kujua nini kinachoamuru rangi hiyo, na njia ilimfikisha kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Chura aliyeondolewa tezi hiyo alibaki amepauka. Katika majaribio hayo majike waliodungwa dawa iliyokamuliwa kutoka tezi ya ng'ombe walitaga mayai, jambo ambalo Hogben alilitangaza mwaka 1930. Mwaka huohuo aliondoka Afrika Kusini, ambako siasa za ubaguzi wa rangi zilimchukiza, akaenda kufundisha London. Koloni la vyura likaanzishwa huko.

Umuhimu wa mayai hayo unaeleweka kwa kutazama jinsi mimba ilivyopimwa wakati ule. Kuanzia mwaka 1927 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walikuwa wameonyesha kwamba mkojo wa mjamzito una homoni inayoamsha ovari za panya. Mwaka 1931 Maurice Friedman wa Marekani aliweka sungura mahali pa panya. Njia zote mbili zilifanya kazi, lakini zilikuwa na gharama na mateso: jibu lilipatikana kwa kumuua mnyama na kumpasua, na kwa panya lilichukua siku kadhaa. Huko Cape Town, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein walitangaza mwaka 1933 kwamba jike la Xenopus linatosha. Mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura, chura akaachwa usiku ndani ya chupa ya maji, na kama mwanamke ni mjamzito asubuhi mayai yalionekana chini ya chupa. Hapakuwa na haja ya hadubini wala kisu. Chura alirudishwa kwenye tangi, akapumzishwa majuma kadhaa, akatumika tena. London, Charles Bellerby alichapisha matokeo yanayofanana mwaka 1934, na ubishi juu ya nani alitangulia uliendelea miaka mingi.

Kwa historia ya ufugaji, ubishi huo hauna uzito mkubwa. Chenye uzito ni kitu ambacho Shapiro na Zwarenstein walikiona pembeni ya kazi yao: majike waliokaa muda mrefu kifungoni ovari zao zilisinyaa. Chura alionekana mzima, aliogelea, hakuwa na kidonda, na bado mwili wake ulikuwa ukijifunga polepole. Pengine huo ndio ugunduzi muhimu kuliko yote kwa mtu mwenye tangi nyumbani. Chura hajui kulalamika. Halii akiwa mgonjwa, hanyong'onyei mpaka mwisho umekaribia. Kuendelea kuishi kwake si ushahidi kwamba anatunzwa vizuri.

Maabara zilizotegemea majike wanaotaga hazikuweza kulipuuza hilo. Daktari aliyepata jibu la "hapana" alipaswa kuwa na uhakika kwamba mwanamke si mjamzito, wala jibu halikutokana na chura aliyedhoofika. Hivyo mahitaji ya kliniki yakazaa kanuni za utunzaji: lishe yenye nyama, hasa nyungunyungu na vipande vya moyo au ini, maji ya ubaridi wa wastani, nyuzi 20 za Selsiasi hivi, chombo kipana, kifuniko kizito. Edinburgh, maabara ya upimaji wa mimba iliyokuwa chini ya taasisi ya Francis Crew iliacha panya na kutumia vyura. Daktari Edward Elkan, aliyeandika juu ya kipimo hiki katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1938, alikuwa mpenzi wa vyura na nyoka pia, na watu wa namna yake ndio waliobeba maarifa ya maabara hadi kwa wafugaji wa kawaida.

Vyura wenyewe walitoka Rasi. Kituo cha samaki cha Jonkershoek, karibu na Stellenbosch, ambako Xenopus alikuwa adui kwa kuwa alikula vifaranga wa samaki mabwawani, kikageuka kuwa chimbuko la vyura kwa dunia. Walivuliwa kwa mitego, wakapakiwa hai na kupelekwa kwa meli, baadaye kwa ndege, hadi Ulaya, Amerika, Asia na Australia. Biashara hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa na kuwatoa porini maelfu kwa maelfu. Nchi nyingine zilitafuta vyura wao: mwaka 1947 Carlos Galli Mainini wa Buenos Aires alionyesha kwamba dume la chura wa Argentina, akidungwa mkojo wa mjamzito, hutoa mbegu za kiume baada ya saa chache. Njia yake ikaenea Amerika ya Kusini kote.

Kipimo cha chura kilimalizwa na kemia. Mwaka 1960 Leif Wide na Carl Gemzell wa Sweden walieleza kipimo kinachotumia kingamwili na chembe za damu, na katika miaka ya 1960 hospitali moja baada ya nyingine zikaacha vyura. Katika miaka ya 1970 vipimo vya nyumbani vikaanza kuuzwa madukani. Swali lililobaki halikuandikwa katika vitabu vya tiba: vyura wale wote waende wapi?

Baadhi walikuwa wameshapata kazi nyingine. Michael Fischberg wa Oxford alichagua Xenopus kwa ajili ya utafiti wa kiinitete, kwa sababu chura huyu hutaga wakati wowote wa mwaka akidungwa homoni, na viluwiluwi wake hukomaa majini bila kuhitaji nchi kavu. Mwanafunzi wake John Gurdon alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza katika yai lililoondolewa kiini chake, na yai likawa kiluwiluwi mzima, baadaye chura. Matokeo ya mwanzo yalitoka mwaka 1958, mengine mwaka 1962, na mwaka 2012 Gurdon alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Shinya Yamanaka. Mwaka 1992 vyura wa Xenopus walipanda chombo cha angani Endeavour na mayai yao yakarutubishwa wakiwa angani.

Afrika Mashariki iliingia katika simulizi hili kwa mlango wa kosa. Pwani ya Kenya na Tanzania anaishi Xenopus muelleri, aliyeelezwa na Wilhelm Peters mwaka 1844, na nyanda za juu za Kenya anaishi Xenopus borealis, aliyeelezwa mwaka 1936. Wataalamu wa jeni nchini Marekani walifanya kazi maarufu juu ya chembe za urithi wa vyura waliodhani ni muelleri. Mwaka 1977 Donald Brown na wenzake walilazimika kuandika kwamba vyura hao walikuwa borealis, chura wa Kenya. Kwa miaka kadhaa chura huyo alikuwa ndani ya vitabu vya chuo kikuu chini ya jina la jamaa yake wa pwani.

Vyura wengine wa vipimo waliuzwa, wakazalishwa na kupelekwa madukani kama wanyama wa kufugwa. Xenopus alikuwa na kila sifa iliyompendeza mchuuzi: hafi upesi, hula karibu chochote, huishi miaka 15 au zaidi, na aina isiyo na rangi, nyeupe yenye macho mekundu, ilivutia macho ya watoto. Miaka 15 ndiyo iliyosahauliwa. Mtoto aliyenunuliwa chura akiwa darasa la kwanza anaweza kumaliza shule na chura bado yuko, mkubwa, mlafi, akihitaji maji mapya kila wiki. Kuanzia miaka ya 1960 vyura hawa walionekana wakizaliana porini mahali ambapo hawakuwahi kuwapo: kusini mwa California, kusini mwa Wales, kisiwa cha Wight. Katika miaka ya 1970 walifika mabwawa ya karibu na Santiago, Chile. Baadaye ikawa magharibi mwa Ufaransa, kandokando ya kituo kilichokuwa kikizalisha vyura wa maabara hadi kilipofungwa katika miaka ya 1990. Kisha Sicily, na vijito vya karibu na Lisbon. Mwaka 2003 waligunduliwa katika dimbwi la maua ya yungiyungi ndani ya bustani kubwa ya jiji la San Francisco.

Chura wa namna hii akiachwa hafi kwa njaa. Hula viluwiluwi wa vyura wa huko, wadudu wa majini, samaki wadogo, hata watoto wake mwenyewe, na usiku wa mvua hutambaa nchi kavu kutoka dimbwi hadi dimbwi. Kumwondoa ni kazi ya miaka na pesa nyingi, na mara nyingi haifaulu. Aliyemmwaga mtoni kwa huruma alidhani anampa uhuru. Viumbe wa mto ule ndio waliolipa.

Karibu na Xenopus kwa ukoo, lakini tofauti kabisa kwa tabia, ni vyura wadogo wa misitu ya bonde la Kongo, jenasi ya Hymenochirus. Gustav Tornier alimweleza Hymenochirus boettgeri mwaka 1896. Mwaka 1924 Gladwyn Kingsley Noble alimweleza mwenzake, curtipes, kutokana na mikusanyo ya Herbert Lang na James Chapin, waliokaa Kongo kati ya mwaka 1909 na 1915 kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York. Chura huyu hafiki sentimita 4. Huishi majini maisha yake yote ila hupanda juu kuvuta hewa, na kwa hiyo tangi lenye kina kirefu humchosha. Viluwiluwi wake ni wawindaji: tofauti na wa Xenopus, ambao huchuja chembechembe ndani ya maji, hawa hufyonza vijidudu kimoja kimoja kwa kinywa chenye umbo la mrija. Mfugaji aliyetaka kuwazalisha alipaswa kwanza kuzalisha vijidudu hivyo.

Madukani watoto wa Xenopus na vyura hawa wa Kongo walichanganywa mara kwa mara, na wanunuzi wengi waliambulia tangi tupu baada ya chura "mdogo" kukua na kuwameza samaki wote. Alama ya kuwatofautisha iko mikononi: Hymenochirus ana ngozi ya utando kati ya vidole vya mbele, Xenopus ana vidole vilivyoachana.

Katika aina za nusu maji, aliyependwa kuliko wote ni chura wa tumbo jekundu wa Mashariki, Bombina orientalis, ambaye George Albert Boulenger alimweleza mwaka 1890. Asili yake ni Korea, kaskazini-mashariki ya China na mashariki ya mbali ya Urusi. Mgongo wake ni kijani chenye madoa meusi, tumbo ni jekundu la moto. Akitishwa hujikunja mgongo na kuinua miguu ili adui aone wekundu huo, maana ngozi yake ina sumu. Mtu aliyemshika kisha akajipangusa jicho huwashwa vikali. Mwishoni mwa karne ya 20 alisafirishwa kwa wingi kuja Ulaya na Marekani, na wafugaji waliokuwa makini wakaona jambo la ajabu: watoto waliozaliwa kiooni walikuwa na tumbo la manjano iliyofifia. Wekundu haukuwa urithi peke yake. Ulitokana na rangi za karotini ambazo chura huzipata kwa wadudu anaowala porini. Nyenje waliofugwa kwa pumba hawana rangi hizo. Wafugaji wakaanza kuwalisha nyenje wenyewe karoti na mboga za majani kabla ya kumpa chura, na matumbo ya kizazi kilichofuata yakaiva. Hili ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika historia ya ufugaji huu, kwa kuwa lilipatikana kwa kuangalia tu, na kwa kujali.

Makazi yaliyokubalika kwa chura huyu ni tangi lililogawanywa: maji ya kina cha sentimita 10 hivi, na nchi kavu yenye mawe laini, magome na mimea ambako anaweza kujificha. Joto la kawaida la chumba humtosha. Joto kali humuua kuliko baridi. Hachanganywi na aina nyingine, kwa sababu sumu yake huyeyuka katika maji wanayoshirikiana.

Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa fumbo la muda mrefu. Mwaka 1908 Jersey City, Marekani, ilianza kutia klorini katika maji ya mji mzima mfululizo, na miji mingine ikaiga. Homa ya matumbo ilipungua sana. Lakini maji hayohayo ya bomba yalipomiminwa moja kwa moja ndani ya tangi yaliunguza ngozi ya chura. Wafugaji walijifunza kuyaacha ndooni usiku mzima ili klorini ipotee hewani. Kisha baadhi ya miji ikaanza kutumia kloramini, isiyopotea kwa kuachwa, na vyura wakafa tena mpaka dawa za kuiondoa zilipopatikana. Mabomba ya shaba nayo yaliua kimyakimya.

Sumu nyingine ilitoka kwa chura mwenyewe. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kuelekea mwaka 1890 Sergei Winogradsky alieleza bakteria wa udongoni wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, lakini wafugaji walichukua miongo mingi kutambua kwamba bakteria wa namna hiyo huota ndani ya kichujio na juu ya mawe ya tangi lao. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini tangi jipya linalong'aa huua, ilhali tangi la zamani lenye mawe ya utelezi hulinda. Tangi huachwa wiki kadhaa lijenge bakteria wake kabla ya kumpokea chura. Baada ya hapo sehemu tu ya maji hubadilishwa kila wiki, na kichujio hakioshwi kwa maji ya bomba. Anayesugua kila kitu mpaka king'ae hufuta kazi ya miezi kwa dakika kumi.

Usafi wa mfugaji mwenyewe nao ulipata somo lake. Kati ya mwaka 2008 na 2011 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa salmonela katika majimbo zaidi ya 40, na waliougua wengi walikuwa watoto. Wachunguzi walifuata nyayo hadi kwa vyura wadogo wa Kongo waliozalishwa mahali pamoja. Chura huweza kubeba bakteria hao bila kuugua. Tangu hapo ushauri wa madaktari ni thabiti: mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kugusa chura au maji yake, na tangi halisafishwi katika sinki la jikoni.

Pigo kubwa kuliko yote lilitambuliwa mwishoni mwa karne ya 20. Vyura walikuwa wakitoweka Australia, Amerika ya Kati na kwingineko, hata ndani ya misitu isiyoguswa. Mwaka 1998 chanzo kilijulikana: kuvu anayeshambulia ngozi, aliyepewa jina Batrachochytrium dendrobatidis mwaka 1999. Chura anayenywa na kupumua kwa ngozi hawezi kustahimili ngozi iliyougua. Chumvi za damu huvurugika na moyo husimama. Xenopus hubeba kuvu huyo bila kudhurika sana, na kwa kuwa sampuli ya Xenopus ya mwaka 1938 ilikutwa naye, wengi waliamini kwamba vyura wa vipimo vya mimba ndio waliomsambaza duniani. Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2018 ulielekeza asili yake Asia ya Mashariki, hasa rasi ya Korea. Mlaumiwa mmoja hapatikani, lakini biashara ya kusafirisha vyura hai, wa maabara na wa madukani, haiwezi kujitoa katika lawama.

Tanzania inalijua jambo hili kwa uchungu wake. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ukiandaliwa katika milima ya Udzungwa, watafiti walikuta kwenye korongo la maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, Nectophrynoides asperginis, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga. Aliishi katika eneo dogo linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko hayo, na hakujulikana kwingine kokote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yakawekwa badala yake. Mwaka 2003 idadi iliporomoka ghafla, na kuvu yule akakutwa. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Aliyesalia alikuwa kiooni. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, baadhi ya kizazi chao wakapelekwa Toledo, Ohio. Walikaribia kuisha huko pia. Kuna wakati walibaki wasiofika mia, wakisumbuliwa na minyoo na upungufu wa lishe, hadi watunzaji walipopata mpangilio sahihi wa taa za urujuanimno, maji yaliyochujwa, ukungu wa mara kwa mara na wadudu wadogo wa kutosha. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika chumba kilichojengwa kwa ajili yao, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiliwa tena Kihansi. Mengi yaliyowaokoa, kuanzia kasha la unyevu hadi maji yasiyo na klorini, watu waliofuga vyura wa kawaida walikuwa wamekwisha kujifunza.

Sheria zilikuja mwisho. California hairuhusu mtu kufuga Xenopus bila kibali maalumu. Uingereza imekataza kuachilia wanyama wa kigeni porini tangu sheria ya mwaka 1981. Mwaka 2016 Tanzania ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliingiza Xenopus laevis katika orodha ya viumbe wavamizi, na katazo la kumfuga, kumuuza na kumzalisha kwa matumizi ya kawaida likaanza kufanya kazi Agosti 2024. Aliyekuwa naye kabla ya hapo anaruhusiwa kumtunza mpaka afe, mradi asizaliane wala asitoroke. Kwa nchi zisizo na katazo, kanuni ya mfugaji ni hiyohiyo: asiyemtaka tena chura wake ampe mfugaji mwingine au daktari wa mifugo, asimwachie mtoni, na maji ya tangi asiyamwage mtaroni.